Feni ya Nesi

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Nesi hakuwahi kuniitikia shikamoo kabla ya kutazama juu. Ungemkuta uani anamenya ndizi au anakamua nguo, ukamsalimia, naye angeinua kwanza macho kwenye vilele vya miti aone kama majani yanatikisika, ndipo aseme marahaba. Wageni walidhani ana maringo. Sisi majirani tulijua anatafuta upepo.

Tulimwita Nesi, wadogo kwa wakubwa, hata baada ya kuacha kazi. Nilipokuja kuolewa Masama, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nilimkuta akifanya kazi zahanati ya kijiji, na sikumbuki kusikia mtu akimwita kwa jina lingine. Mume wake alikuwa ameshafariki na kuzikwa pale pale kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, upande wa juu wa nyumba, na hawakujaliwa watoto. Kati ya migomba yake na yangu palikuwa na mfereji tu, mwembamba wa kuruka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na yeye ndiye aliyenizalisha binti yangu Neema na wadogo zake wote, kwa hiyo hakuna siri ya mwili wangu ambayo hakuijua. Lakini hilo halikumfanya awe mpole kwangu.

Upole haukuwa kazi yake. Mwanamke akifika analia, Nesi alimwambia, "Pole nitakupa kesho. Sasa niambie uchungu umeanza lini." Wanaume waliomsindikiza mke hadi mlangoni kisha wakasimama wakishangaa, aliwatuma kuni, na kuni zikitosha aliwatuma maji, na maji yakitosha aliwatuma tena kuni. Alikula amesimama. Kahawa, ambayo sisi wengine tuliilima maisha yetu yote bila kuionja, yeye aliikaanga kwenye kikaango, akaitwanga na kuinywa chungu bila sukari, na shemeji yake alikuwa akisema kwamba mwanamke anayekunywa mazao ya biashara hawezi kuwa na akili za kawaida. Makelele hakuyapenda kabisa. Nyumbani kwake hapakuwa na redio, na jogoo aliyewika ovyo hakumaliza wiki.

Kwa hiyo tulishangaa sana alipotuletea pale kijijini kitu chenye kelele kuliko vyote.

Lakini lazima nieleze kwanza alivyofika huko. Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa imeanguka, watu wanang'oa mibuni iliyopandwa na baba zao na kupanda nyanya, na serikali inapunguza wafanyakazi. Nesi alipunguzwa. Alirudi nyumbani na gauni zake nyeupe zimefungwa kwenye khanga, akazianika, akazipiga pasi, akaziweka kabatini, na kesho yake akaamka kupalilia maharage kama kawaida. Muda si mrefu zahanati nayo ikaanza kudai malipo, mgonjwa achangie gharama. Wanawake waliokuwa hawana cha kuchangia wakaanza kuonekana kwenye uchochoro wa kwa Nesi, wameshika kiuno.

Aliwafokea. Nilimsikia kutoka upande wangu wa mfereji akisema yeye si zahanati, yeye ni mkulima, wampishe apumzike. Kisha nasikia mlango unafunguliwa na sufuria la maji linawekwa motoni. Alikitenga chumba kimoja, akakipaka chokaa, akaweka kitanda cha mbao na shuka mbili ambazo alizichemsha mpaka zikawa kama karatasi. Kila mwanamke alipoondoka na mtoto wake, Nesi alinilalamikia kwamba huyo ndiye wa mwisho, amechoka, mgongo umekwisha. Nilikuwa namwamini kila mara, na kila mara nilikuwa najidanganya.

Halafu akafa mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto. Mimi nilijua kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba alijifungua salama kwa Nesi, mtoto mzima, na mama akafariki alfajiri. Watu hawakumlaumu Nesi. Mambo hayo yalikuwa yanatokea hata hospitali kubwa. Nesi mwenyewe alihudhuria mazishi, akakaa mwisho kabisa, akarudi. Ilipita karibu mwaka ndipo aliponiambia, tukiwa tunachambua maharage barazani kwake, bila mimi kuuliza chochote.

"Sakafu yangu ya udongo ni nyeusi," alisema. "Kwa koroboi, damu na sakafu ni rangi moja. Nilikuwa nimemkalia pembeni, namsifia mtoto wake."

Akaendelea kuchambua. Nilitaka kumpa pole nikakumbuka anavyozichukia. Baada ya muda akasema anataka taa, taa ya kweli, inayoonyesha rangi ya kitu.

Umeme ulikuwa umefika kanisani na kwenye maduka ya barabarani, na hapo ukakoma. Aliyetaka uingie kwake alipaswa kununua nguzo, na waliofanya hivyo ni wale wenye watoto Dar es Salaam au biashara Moshi mjini. Nesi alikwenda ofisi ya umeme kuuliza, akaambiwa asubiri mradi. Alikwenda tena, akaambiwa vile vile na mtu mwingine. Safari ya tatu, akiwa anarudi kwa gari lililobeba mahindi, aliona kando ya barabara ya Boma Ng'ombe, kwenye shamba la mtu, bomba refu limesimamishwa na juu yake mapanga mawili yanazunguka kwa upepo. Alimsimamisha dereva akashuka. Alirudi Masama kwa miguu jioni, vumbi hadi kwenye kope, akaniambia ameuona umeme usiosubiri mradi.

Wakati huo Soweto, pale Moshi mjini, kulikuwa na fundi aliyetengeneza madainamo ya malori. Nesi alimwendea. Fundi alimweleza ukweli wote: kwamba dainamo la gari linataka kuzungushwa kwa kasi, kwamba inabidi alifungue na kulisuka upya lipate kutoa umeme hata likizunguka polepole, kwamba hata akifanya hivyo huko Masama kwenye migomba hakuna upepo wa maana. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia atengeneze. Mapanga yalichongwa na seremala wa kwetu aliyezoea kuchonga mizinga ya nyuki. Alitumia mbao za mringaringa kwa kuwa ni nyepesi na hazipasuki. Mkia wa kuigeuzia mashine upande wa upepo ulikatwa kwenye bati la zamani la paa. Siku ya kuisimamisha tulivuta kamba wanaume kwa wanawake, bomba likainuka juu ya nyumba yake, likafungwa kwa nyaya za chuma pande zote, na watu wakakaa chini kusubiri.

Mashine ilisimama kimya. Baadaye ikapita pumzi kidogo ya upepo, mapanga yakazunguka kivivu kama mtu anayegeuka usingizini, yakakoma. Kuna aliyesema Nesi amenunua feni ya kuwapepea ndege. Jina likashika, na tangu siku ile hadi leo ni feni ya Nesi.

Haikufanya kazi vibaya kabisa. Miezi ya Agosti na Septemba, upepo ukishuka kutoka mlimani, iliweza kujaza betri kiasi cha kuwasha taa moja ya gari kwa muda. Nesi aliitundika juu ya kitanda cha wazazi. Hakuiwasha kwa shughuli nyingine yoyote. Yeye mwenyewe alipika na kula kwa koroboi. Lakini mara nyingi taa ilififia kabla kazi haijaisha, na fundi alipokuja kuangalia alionyesha kwa kidole kile ambacho sote tulikuwa tunakiona. Miti ya grevilea iliyozunguka kihamba ilikuwa mirefu kuliko bomba. Upepo ulipita juu yake, feni ikabaki chini kama ndani ya kisima.

Nesi aliomba miti ya upande wa mashariki ikatwe.

Hapo ndipo shemeji yake alipoingia. Alikuwa mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa, mtu mnyenyekevu katika mambo mengi, na nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya kwa Nesi, kihamba hicho hicho kilichogawanywa na baba yao. Miti ile waliipanda pamoja yeye na kaka yake wakiwa vijana. Alikataa. Nesi akaomba tena. Likaitishwa baraza la ukoo, likakaa uani kwa shemeji na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikawekwa, na mimi nilikuwepo kwa sababu walitaka jirani awe shahidi. Wazee walizungumza kwa upole wakizunguka zunguka. Shemeji hakuzunguka.

"Miti ameipanda marehemu," alisema. "Wewe uliolewa hapa. Hukuja na mti hata mmoja."

Nilimtazama Nesi nikijua jibu lake litakuwa kali, na naamini wote pale walijiandaa kwa jibu hilo. Yeye alisimama, akakunja khanga yake vizuri, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima, akarudi kwake. Juma lililofuata alimwita fundi ateremshe feni. Kabla mvua za vuli hazijaanza alikuwa amehama.

Kama wengi wetu, alikuwa na shamba la mahindi huko chini, kwenye nyika iliyo ng'ambo ya barabara kuu ya Arusha, ambako sisi watu wa mlimani tunashuka kulima na kuvuna na kukimbilia kupanda tena kabla jua halijatuua. Hakuna anayekaa huko kwa hiari. Hakuna migomba wala mfereji, maji ni ya kufuata kwa baiskeli. Nesi alijenga huko vyumba viwili vya matofali ya saruji, akasimamisha bomba lake. Kijiji kilisema amesusa. Kuacha kihamba chenye kaburi la mume ukaishi nyikani kama mtu asiye na kwao, hilo kwetu halikuwa na jina zuri. Mchungaji alimtuma mtu akamsalimie tu. Jumuiya ya kanisa ilitaka kutuma watu, wakapanga siku, siku ikapita.

Upepo wa kule ulikuwa mwingine. Nilipokwenda mara ya kwanza nilisikia feni kabla sijaiona, inapiga mlio mwembamba usiokoma, na juu ya paa mapanga yalikuwa yamegeuka duara jeupe. Ndani, mchana kweupe, Nesi aliwasha taa ili nione. Ilikuwa nyeupe, kali, ikaonyesha mpaka vinyweleo vya mkono wangu. Sakafu aliipiga saruji na kuipaka rangi nyeupe. Alisimama katikati ya chumba hicho huku mikono yake imelegea, akaizima taa.

Wanawake wa huko hawakuwa wetu. Walikuwa wake za vibarua wa mashamba ya miwa, watu waliotoka Singida, Kigoma, Iringa, waliokaa kwenye makambi wakizungumza Kiswahili cha kila mkoa. Walimgundua haraka. Mmoja wao, mama wa Singida tuliyemwita Mama Zawadi, alijifungulia pale, akarudi kumsaidia kufua, kisha akawa anamsaidia kuzalisha. Nesi alimfokea kama alivyotufokea sote na alimfundisha kila kitu.

Wengi hufikiri ukishasimamisha mashine kama ile umemaliza, upepo ni wa bure. Mimi nilimtembelea kila likizo na nilichokiona ni kazi. Vumbi la nyika liliingia kwenye beringi, beringi zikasaga, fundi akaitwa kutoka mjini. Betri ilitaka maji yake, na ikifika umri inakufa tu, unatafuta nyingine. Upepo ukizidi lazima feni ifungwe kamba isije ikajivunja, na wakati mmoja alichelewa, panga likakatika na kupita juu ya paa hadi shamba la jirani. Masika upepo ulikata kabisa, na wazazi hawakukoma kuja, akarudi kwenye karabai na kandili akilaani. "Nimeolewa mara ya pili," aliniambia siku moja akiwa amekaa chini ya bomba na spana mkononi, "na huyu ni mgonjwa wa kudumu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akifanya mzaha juu ya ndoa.

Vijana wa makambi walimwomba awachajie betri zao au awaruhusu walete televisheni waangalie mpira. Aliwafukuza wote. Umeme ule ulikuwa wa chumba kimoja. Lakini kulikuwa na mlinzi mzee wa mashamba, mtu wa Kigoma, na huyo alimruhusu kila jioni aje aunganishe redio yake ndogo asikilize matangazo ya vifo. Nilipomuuliza Nesi sababu, alisema kwao mzee ni mbali, ndugu zake watazikwa bila yeye kujua. Yeye asiyependa redio alikaa naye, akisikiliza majina ya wafu wa mikoa ambayo hakuwahi kufika, na tangazo likiisha alimmiminia kahawa yake chungu. Mzee aliinywa kwa adabu, bila kukunja uso.

Kila mwaka nilimwona amepungua. Alianza kukaa wakati wa kula. Alianza kuniuliza habari za juu: mfereji umezibuliwa, nani kazaa, kaburi limepaliliwa. Nilimjibu lile lililoulizwa, nikapanda gari nikarudi. Nilimwona kama tulivyomwona sote, mwanamke aliyechagua upepo wake na hashauriki.

Umeme ulifika kwetu nikiwa karibu kustaafu. Mradi ulikuja kweli, na nguzo zikapandishwa mlima. Njia yake ilipita katikati ya vihamba, na ilipofika kwa Nesi ikakuta grevilea. Shemeji yake alikuwa mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Hakungoja watu wa mradi. Aliita wenye misumeno akawaonyesha yeye mwenyewe upande wa mashariki, na miti ikalala siku moja. Kesho yake alasiri alikuja kwangu. Alikaa, akanywa chai, akatazama kikombe.

"Nimeingiza umeme kwake pia," alisema. "Nyumba ipo. Nenda umwambie arudi."

Nilimwambia habari kama hiyo inafaa aipeleke mwenyewe. Akatikisa kichwa. Alisema akienda yeye, Nesi atamheshimu, atampa kiti, atampa kahawa ile, na hatakuja. Alisema kwamba maneno aliyosema mbele ya ukoo amekuwa akiyasikia kila akipita chini ya ile miti, na sasa miti haipo na bado anayasikia.

Nilishuka Jumamosi na gari dogo la mzigo la mdogo wa mume wangu. Ilikuwa masika, hakuna upepo, feni imesimama na panga moja limeelekea chini. Nesi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Miguu ilikuwa imevimba. Mama Zawadi alitoka ndani anafuta mikono, akasema kuna mzazi amelala humo na mtoto wake, wote wazima, na kwamba amewazalisha yeye, Nesi alikuwa ameketi tu anaelekeza.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno ya kubembeleza, kwa sababu nilijua nakwenda kubishana. Nilimweleza juu ya nguzo, miti, taa zilizoingizwa kwake. Nikamwambia shemeji yake anaomba arudi nyumbani. Nilitaka kuendelea, na yeye akaninyamazisha kwa mkono.

"Nani kasema?"

"Shemeji yako. Amenituma."

Akasema sawa, Mama Zawadi anitafutie kiti nikae, yeye achukue nguo zake.

Nilibaki nimesimama. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, kama ilikuwa rahisi hivyo kwa nini hakurudi miaka yote hii.

"Hakuna aliyeniita," alisema.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekueleza mahali alipoweka ufunguo. Alisema miaka ya kwanza alikuwa akifagia uwanja Jumapili akidhani huenda jumuiya watakuja. Baadaye kazi ikawa nyingi, akaacha kusubiri, lakini hakuwahi kusema kwamba haji. Ni sisi tuliosema.

Nguo zilijaa mfuko mmoja. Mashine, betri, taa, chumba cheupe, vyote alimwachia Mama Zawadi, na maagizo yalikuwa mafupi kwa kuwa mengi alikwisha kuyasema kwa kufoka. Yule mlinzi wa Kigoma alikuwa amefariki mwaka uliopita, hakukuwa na mwingine wa kuaga. Tulimpandisha mbele, kati yangu na dereva. Tulipovuka barabara kuu na kuanza kupanda, hewa ikapoa, migomba ikaanza, na kabla ya kona ya kwanza Nesi alikuwa amelala begani kwangu, kichwa kizito, mdomo wazi kidogo. Sikuwahi kumwona amelala. Nikamwambia dereva aende polepole.

Shemeji yake alikuwa nje ya geti, amevaa koti lake la kanisani, na kwa jinsi alivyoegemea fimbo alikuwa hapo tangu mapema. Nesi aliamka gari liliposimama. Alishuka taratibu, akishika mlango. Walisimama wakitazamana, wazee wawili, na nyuma yao pale palipokuwa na miti palikuwa na anga tupu.

"Karibu nyumbani, shemeji," alisema yule mzee kwa Kichagga.

Nesi alimshika mkono, na sijui nani alikuwa anamsaidia mwenzake, wakaingia ndani.